Kulinganisha Vishikwambi na Kupanga Mipangilio Yake

Vishikwambi viwili vikiwekwa mezani kando kwa kando, kimoja kikiwa kimepandishwa mwangaza hadi ukomo na kingine kikiwa kimewashiwa Kiokoa Betri, mtazamaji halinganishi tena vifaa viwili, bali analinganisha mipangilio miwili ambayo huenda iliwekwa na kiwanda, na muuzaji, au na mtu wa mwisho kukishika kifaa. Mipangilio ni yale yote ambayo mtumiaji anaweza kuyabadilisha bila kukifungua kifaa chenyewe, kuanzia mwangaza na ukubwa wa maandishi hadi matumizi ya data na ruhusa za programu, ilhali sifa ni yale yaliyokwisha kuamuliwa kiwandani, kama vile ukubwa wa skrini, uwezo wa betri na aina ya prosesa, yaani kitovu cha kompyuta kinachotekeleza amri zote. Msimamo wa sura hii ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki, kwa kuwa karibu kila namba iliyochapishwa kwenye boksi hutimia, hupungua au hupotea kabisa kutegemea mpangilio fulani, na kwa hiyo anayetaka kujua kifaa kipi kinamfaa hana budi kusawazisha mipangilio kwanza, kisha ndipo apime.

Kishikwambi, ambacho wengine hukiita tableti au kompyuta kibao, ni kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa skrini yake, na wazo lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani mtaalamu wa kompyuta Alan Kay wa Marekani alikuwa ameshaeleza katika miaka ya mwanzo ya 1970 kompyuta ya kubebeka mkononi kwa ajili ya watoto wa rika zote, aliyoiita Dynabook. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya skrini, betri na prosesa kufikia wepesi na bei iliyohitajika. Microsoft ilijaribu mwaka 2002 kwa kompyuta za kalamu zilizotumia Windows, lakini soko lilifunguka kwa kweli pale Steve Jobs alipoitambulisha iPad tarehe 27 Januari 2010, kwa bei ya kuanzia dola 499, nayo Samsung ikafuata mwaka huohuo na Galaxy Tab ya inchi 7, iliyotumia Android. Tangu hapo soko limegawanyika kwa sehemu kubwa kati ya mifumo endeshi miwili, yaani programu mama zinazosimamia kifaa kizima: iPadOS ya Apple kwa upande mmoja, na Android, inayotumiwa na makampuni mengi, kwa upande wa pili.

Nchini Tanzania kifaa hiki kilijulikana na umma mpana kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walijaza madodoso kwenye vishikwambi badala ya karatasi, na baada ya kazi hiyo vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Kenya nayo ilikuwa imetumia vifaa vya aina hiyo katika sensa ya Agosti 2019. Uhamisho ule kutoka kwa karani kwenda kwa mwalimu unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba kifaa kilekile, bila kubadilishwa hata skrubu moja, kinaweza kuwa bora kwa kazi moja na kikawa kero kwa nyingine. Karani wa sensa hufanya kazi nje, juani, akihitaji skrini yenye mwangaza mkali, kipokezi cha GPS kinachofanya kazi muda wote ili kijue mahali kaya ilipo, na programu moja tu isiyokatizwa na masasisho. Mwalimu huketi ndani, husoma mihtasari na vitabu vyenye kurasa nyingi, huhitaji maandishi makubwa na mwangaza wa wastani, wala GPS haimsaidii kitu ila kumlia chaji. Mwalimu aliyekipokea kifaa na kukiacha na mipangilio ya karani alikuwa na kila sababu ya kukilaumu, na lawama hizo zingekwisha kwa kazi ya nusu saa ndani ya ukurasa wa Mipangilio.

Ili maelezo yasielee hewani, sura hii itavitumia kama mfano vishikwambi viwili vilivyotoka karibu wakati mmoja na kushindania wanunuzi walewale: iPad ya kizazi cha tisa, iliyotangazwa Septemba 2021, na Samsung Galaxy Tab A8, iliyotangazwa Desemba mwaka huohuo. Vyote viwili bado vinapatikana katika maduka ya vifaa vilivyotumika, na tofauti zao zinafundisha mengi.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi huliuliza ni inchi, na hapo ndipo namba hudanganya mapema zaidi. Inchi za skrini hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala wake, na kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu eneo mpaka ijulikane nisba ya skrini, ambayo ni uwiano wa urefu kwa upana. iPad hiyo ina inchi 10.2 kwa nisba ya 4 kwa 3, na Tab A8 ina inchi 10.5 kwa nisba ya 16 kwa 10. Kwa hesabu ya kanuni ya Pythagoras, skrini ya kwanza ina takriban sentimita 20.7 kwa 15.5, ambayo ni eneo la sentimita za mraba 322, na ya pili ina sentimita 22.6 kwa 14.1, ambayo ni sentimita za mraba 320. Kwa maneno mengine, kifaa chenye inchi chache ndicho chenye eneo kubwa zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

Tofauti yenye uzito hujitokeza pale kazi inapotajwa. Vipindi vingi vya televisheni vya siku hizi hurekodiwa kwa nisba ya 16 kwa 9, na picha ya namna hiyo itachukua sentimita za mraba 287 kwenye Tab A8 lakini 241 tu kwenye iPad, kwa kuwa sehemu inayobaki juu na chini huwa nyeusi. Ukurasa wa kitabu au waraka uliopangwa kwa umbo la karatasi ya A4 hugeuza matokeo hayo, kwani skrini ikisimamishwa wima ukurasa huo hupata sentimita za mraba 304 kwenye iPad na 283 kwenye Tab A8. Kwa hiyo msomaji wa nyaraka na mtazamaji wa vipindi wanaweza kusimama mbele ya kabati moja la duka, wakaulizia bei zilezile, na kila mmoja akawa na haki ya kuchagua kinyume cha mwenzake. Inashangaza kwamba maduka mengi hayatoi hata neno moja kuhusu nisba, ilhali ndiyo inayoamua jinsi kifaa kitakavyotumika kwa miaka yote ya uhai wake.

Baada ya eneo huja ukali wa picha, ambao huelezwa kwa pikseli. Pikseli ni nukta moja ya mwanga, na msongamano wake huhesabiwa kwa idadi ya nukta zinazoingia katika inchi moja. iPad hiyo ina pikseli 2160 kwa 1620, sawa na nukta 264 kwa inchi, na Tab A8 ina pikseli 1920 kwa 1200, sawa na nukta 216 kwa inchi. Mfano wa tatu, Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023 yenye inchi 8.7 na pikseli 1340 kwa 800, ina nukta 179. Namba hizo hazina maana bila umbali wa macho. Jicho lenye uoni mzuri hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya nyuzi moja, na kwa kipimo hicho nukta 264 kwa inchi huacha kuonekana moja moja kifaa kikiwa umbali wa takriban sentimita 33, nukta 216 katika sentimita 40, na nukta 179 katika sentimita 49. Anayesoma kitandani akiwa amekikaribia kifaa atauona ukali wa ziada wa iPad. Anayekisimamisha juu ya meza kwa kifuniko chake na kukitazama kutoka umbali wa mkono hatauona, na hana sababu ya kuulipia.

Ukubwa wa maandishi ndio mpangilio unaoeleweka vibaya kuliko yote, kwa sababu Android ina vidhibiti viwili vinavyofanana kwa jina na kutofautiana kabisa kwa kazi. Cha kwanza ni ukubwa wa fonti, ambacho hukuza herufi peke yake na kuacha vitufe na picha kama vilivyokuwa. Cha pili ni ukubwa wa onyesho, kilicholetwa na Android 7 mwaka 2016, ambacho hukuza kila kitu kwa pamoja, nacho hufanya hivyo kwa kuifanya programu iamini kwamba skrini imekuwa ndogo. Ili kulielewa hilo lazima ieleweke kwamba Android haipangi vitu kwa pikseli halisi, bali kwa kizio chake maalumu, kinachofupishwa kuwa dp, ambacho ni sawa na pikseli moja kwenye skrini yenye nukta 160 kwa inchi. Upana wa skrini kwa dp hupatikana kwa kuzidisha pikseli kwa 160 na kugawanya kwa msongamano ambao mfumo umeandikishiwa. Nexus 7 ya mwaka 2012, kifaa cha inchi 7 kilichotengenezwa na Asus kwa ajili ya Google, ilikuwa na upana wa pikseli 800 na msongamano wa 213, na hesabu hiyo huleta dp 601.

Namba hiyo haikutokea kwa bahati. Dp 600 ndiyo mpaka ambao watengenezaji wengi wa programu huutumia kuamua kama programu ionyeshe sura ya kishikwambi, yenye safu mbili, kwa mfano orodha ya barua upande mmoja na barua yenyewe upande wa pili, au ionyeshe sura ya simu yenye safu moja tu. Mwenye kishikwambi kidogo akiongeza ukubwa wa onyesho kwa hatua moja au mbili, upana wake kwa dp unaweza kushuka chini ya mpaka huo, na ghafla programu zake zikageuka kuwa za simu iliyotanuliwa. Wengi wakikutana na hali hiyo hudhani kifaa kimeharibika au sasisho limekiharibu. Dawa yake ni kurudisha ukubwa wa onyesho ulipokuwa na kuongeza ukubwa wa fonti peke yake, na katika kulinganisha vifaa viwili dukani ni lazima kuhakikisha kwamba kidhibiti hicho cha pili kiko kwenye kiwango chake cha kawaida kwenye vyote viwili, la sivyo kifaa kimoja kitaonekana kina nafasi kubwa kuliko kingine bila sababu ya kweli.

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na Apple hutaja niti 500 kwa iPad hiyo. Kosa la kawaida ni kuviweka vifaa vyote viwili kwenye asilimia 50 na kuamini kwamba vimelingana, ilhali asilimia hiyo huhesabiwa kwa ukomo wa kila kifaa na kwa mkunjo ambao kila kampuni imejichagulia, kiasi kwamba kupima betri za vifaa viwili kwa njia hiyo ni sawa na kupima mchele wa muuzaji mmoja kwa kibaba na wa mwingine kwa pishi. Njia ya haki ni kuzima mwangaza unaojirekebisha wenyewe, kuzima Mwanga wa Usiku na kile ambacho Apple hukiita True Tone, kwa kuwa vyote hubadilisha rangi, kisha kufungua ukurasa mweupe kwenye vifaa vyote na kusogeza kidhibiti mpaka macho yasiweze kutofautisha weupe wa huu na wa ule. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa laksi; jua la adhuhuri huweza kufikia laksi 100,000, ilhali darasa lenye taa nzuri lina laksi mia chache tu, hivyo kifaa kitakachotumika shambani au kwenye utafiti wa nyanjani kijaribiwe mlangoni mwa duka, juani, na si chini ya taa za kabati. Ikumbukwe pia kwamba iPad ya kizazi cha tisa ina uwazi mdogo kati ya kioo cha juu na skrini yenyewe, na uwazi huo huongeza mng'ao wa jua kwa namna ambayo hakuna mpangilio unaoweza kuirekebisha.

Mandhari Meusi, yaani maandishi meupe juu ya weusi, yamesifiwa kupita kiasi kama njia ya kuokoa chaji. Sifa hizo ni za kweli kwa skrini za OLED, ambamo kila pikseli hujitolea mwanga wake na pikseli nyeusi huzimika kabisa, kama ilivyo katika vishikwambi vya bei ya juu vya Samsung na iPad Pro ya mwaka 2024. Vishikwambi vya bei ya chini na ya kati, pamoja na vile viwili vya mfano wetu, hutumia LCD, ambamo taa ya nyuma huwaka kwa skrini nzima hata pale panapoonekana peusi, na kwa hiyo mwenye kifaa hicho ayatumie Mandhari Meusi kwa raha ya macho yake, si kwa matumaini ya kuongeza saa za betri. Kinachookoa chaji kwenye LCD ni kushusha mwangaza na kufupisha muda wa skrini kujizima.

Betri zenyewe hutangazwa kwa vizio viwili visivyolingana. Samsung huandika miliampea-saa 7,040 kwa Tab A8, na Apple huandika wati-saa 32.4 kwa iPad yake. Miliampea-saa hueleza wingi wa umeme bila kutaja volti, ilhali wati-saa hueleza nishati yote, na ubadilishaji hufanyika kwa kuzidisha ampea-saa kwa volti ya betri, ambayo kwa betri za lithiamu za vishikwambi huwa karibu 3.8. Ampea-saa 7.04 zikizidishwa kwa 3.8 huleta takriban wati-saa 27, ambazo ni pungufu kwa wati-saa tano na zaidi zikilinganishwa na za iPad. Apple huahidi hadi saa 10 za matumizi, ikimaanisha kwamba kifaa kinatarajiwa kula wastani wa wati 3.2 hivi, na mtumiaji anayepandisha mwangaza hadi ukomo na kuacha data ya simu ikiwaka hatafika huko. Kwa hesabu hiyohiyo, pawabenki iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37 kwenye karatasi, na kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea kama joto wakati wa kuchaji, haitajaza iPad hiyo zaidi ya mara moja. Joto ndilo adui mkubwa wa betri za namna hii; Apple hushauri iPad itumike katika mazingira yasiyozidi nyuzi 35 za selsiasi, kiwango ambacho dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hukivuka kwa urahisi mno. Kishikwambi kinachoachwa kwenye chaja kutwa, kwa mfano kwenye kaunta ya duka, kiwekewe ukomo wa kuchaji ikiwa kinao, ambao katika baadhi ya vifaa vya Samsung husimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85 kulingana na toleo la mfumo.

Kuhusu prosesa inatosha kusema machache. A13 Bionic ya iPad hiyo ni yenye kasi zaidi kuliko Unisoc T618 ya Tab A8, na tofauti hiyo huonekana katika michezo mizito na uhariri wa video, lakini kwa anayesoma, anayeandika na anayejaza fomu haionekani sana. Kinachoonekana zaidi katika maisha ya kila siku ni hifadhi, yaani mahali ambapo mafaili hukaa hata kifaa kikizimwa. Gigabaiti 32 za kiwandani huhesabiwa kwa kumi, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa mbili, hivyo huonekana kama 29.8, na ndani ya hizo mfumo endeshi huchukua sehemu kubwa kabla mwenye kifaa hajahifadhi hata picha moja. Hifadhi ikikaribia kujaa, kasi ya kuandika hushuka, kwa sababu kumbukumbu ya aina hii haiwezi kuandikwa upya mahali palipotumika mpaka pafutwe kwanza. Nexus 7 iliyotajwa hapo juu ililalamikiwa sana kwa kuzorota namna hiyo, na Android 4.3 ya Julai 2013 ilileta utaratibu wa kuijulisha hifadhi ni sehemu zipi hazihitajiki tena ili zisafishwe kifaa kikiwa kimetulia. Kuacha nafasi tupu ni mpangilio kama mipangilio mingine, ingawa hauna kitufe chake.

Tab A8 ina tundu la kadi ya kumbukumbu na iPad haina, jambo ambalo kwa wengi humaliza mjadala. Hata hivyo kadi ni nzuri kwa vitabu, picha na video, si kwa programu, na kadi yenye alama ya A1, inayohakikisha angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde, ni ya thamani zaidi kuliko kadi kubwa isiyo na alama hiyo.

Upande wa mtandao ndiko fedha za mtumiaji hupotelea kimyakimya. Kishikwambi kisicho na laini hupata intaneti kwa Wi-Fi, na desturi ya vifaa vyote ni kuamini kwamba Wi-Fi haina kikomo cha data, kwa hiyo masasisho ya mfumo, nakala rudufu za picha na programu mpya husubiri Wi-Fi ndipo zishuke. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, Wi-Fi hiyo hutoka kwenye simu ya mtu au kwenye ruta ndogo ya mfukoni yenye bando la siku au la wiki. Simu ya Android kwa kawaida hukijulisha kishikwambi cha Android kwamba mtandao wake unapimwa, na iPhone huijulisha iPad vivyo hivyo, lakini vifaa vya familia mbili tofauti, au ruta ya mfukoni, mara nyingi havielezani lolote, na bando zima huweza kuishia kwenye sasisho moja kabla mwenyewe hajafungua hata ujumbe. Kwenye Android, mtumiaji afungue maelezo ya mtandao huo wa Wi-Fi na kuuandikisha kuwa ni wa data inayopimwa. Kwenye iPad, tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, upo mpangilio wa kupunguza matumizi ya data kwa kila mtandao peke yake. Hakuna mpangilio mwingine katika sura hii unaorudisha gharama ya kuusoma upesi kama huo.

Wanaonunua kishikwambi chenye laini wachunguze mambo matatu. La kwanza ni bendi, yaani mafungu ya masafa ya redio, kwa kuwa vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingine hukosa bendi ya 20, ya megahezi 800, inayotumika katika eneo hili. La pili ni kwamba iPad yenye laini hupata data tu; haina kibao cha kupigia namba, hivyo menyu za fedha kama *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania haziwezi kufunguliwa humo, wala ujumbe mfupi wenye namba za siri za benki haufiki, ilhali vishikwambi vingi vya Android vyenye laini hufanya yote hayo. La tatu ni GPS: iPad isiyo na tundu la laini haina kipokezi cha GPS kabisa, na hukisia mahali ilipo kwa mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, makisio ambayo kijijini hayana msaada, wakati Tab A8 ina kipokezi hicho hata katika aina ya Wi-Fi peke yake. Mtafiti wa nyanjani asiyelijua hilo anaweza kununua kifaa cha bei ya juu kisichoweza kazi yake.

Umri wa masasisho nao ni sifa isiyoandikwa kwenye boksi. iPad ya kwanza ya 2010 iliishia kwenye toleo la 5.1.1, lililotoka mwaka 2012, lakini iPad Air 2 ya mwaka 2014 ilipokea iPadOS 15 mwaka 2021, miaka saba baadaye. Vishikwambi vya bei nafuu vya Android kwa kawaida hupata miaka michache tu, na mfumo ukizeeka programu za benki huanza kukataa kufunguka. Katika Mipangilio, chini ya maelezo ya kifaa, ipo tarehe ya marekebisho ya usalama, na tarehe iliyopitwa na zaidi ya mwaka mmoja kwenye kifaa kinachouzwa kama kipya ni dalili ya wazi kwamba mtengenezaji amekwisha kukitelekeza.

Katika soko la vifaa vilivyotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ulinganishi huanza na umiliki. Tangu mwaka 2013 Apple imekuwa ikifunga kifaa kwa akaunti ya mwenyewe, na Android ikaanza kufanya hivyo kwa toleo la 5.1 la mwaka 2015, ili kifaa kilichoibwa na kufutwa kiendelee kudai nywila ya mwenyewe wa awali. Kifaa chenye laini kina namba ya utambulisho ya IMEI, na Tanzania ilikwisha kuzizima simu bandia mtandaoni kwa kutumia namba hizo mwezi Juni 2016. Kishikwambi cha Wi-Fi peke yake hakina IMEI, kwa hiyo kufuli ya akaunti ndiyo ushahidi karibu wa pekee alionao mnunuzi. Wapo pia wanaouza vifaa vilivyochezewa ili vionyeshe gigabaiti 512 ambazo havina, na udanganyifu huo hugunduliwa kwa kunakili mafaili makubwa ya video mpaka yapite kiwango kinachoshukiwa, kisha kuyafungua yote, kwani yaliyozidi uwezo halisi hayatafunguka. Baada ya hapo muuzaji aombwe kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi na kukiunganisha na intaneti, na kikidai akaunti ambayo muuzaji hawezi kuifungua, kirudishwe kabatini bila kutoa hata senti ya kishika nafasi.